Kunyamaza Kazini Kuna Hesabu Yake

Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hufanana. Bango hutundikwa mapokezi, fulana hugawiwa, mtaalamu mwalikwa huzungumza kwa saa moja juu ya msongo wa mawazo, kisha watu hupiga picha ya pamoja, hunywa soda na kurudi kwenye meza zao. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliifanya afya ya akili mahali pa kazi kuwa ndiyo kaulimbiu ya siku hiyo, na mabango yakaongezeka. Mtaalamu akimaliza huacha namba ya simu ya ushauri nasaha. Wiki zinapita, na wanaoipiga ni wachache mno wakilinganishwa na wanaoumwa. Uongozi hufikia uamuzi kwamba elimu haijawafikia watu vya kutosha, na mwaka unaofuata huagiza fulana nyingine.

Uamuzi huo umejengwa juu ya dhana kwamba mfanyakazi ananyamaza kwa kuwa hajui. Mimi naona kinyume chake: ananyamaza kwa kuwa anajua, tena sana. Ameshaona yaliyompata mwenzake aliyesema, ameipima kazi yake, mkopo wake wa benki na ada za watoto, akaona kimya kina nafuu. Unyanyapaa wa mtaani unaweza kuwa ujinga, maana jirani anayekucheka hapotezi kitu kwa kukucheka. Wa kazini ni jambo jingine. Kazini kuna mtu mwenye mamlaka juu ya mshahara wako, na kila unalomwambia linaweza kurudi siku ya tathmini au siku ya kupunguza watu. Ukitaka mfanyakazi aseme, mpunguzie hasara ya kusema. Kumweleza tu kwamba kusema ni vizuri hakumwondolei hata shilingi moja ya hasara hiyo.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi mkubwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wazima 15 katika kila 100 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo la afya ya akili. Shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, linakadiria kuwa sonona na wasiwasi uliopitiliza hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya karibu dola trilioni moja za Marekani. Hao 15 katika 100 ni wastani wa dunia, na hauwezi kutumika kuhesabu wagonjwa wa ofisi fulani. Lakini hata ukiukata nusu, ofisi yenye watu 40 itakuwa na watatu wanaoumwa ambao faili zao hazisemi lolote. Ukweli ni kwamba faili zao husema, ila husema kingine, na hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi.

Mfanyakazi wa Tanzania aliyekwenda hospitali hurudi na karatasi ya daktari ya kupumzika, ile ambayo kila mtu anaiita ED. Katika ofisi nyingi karatasi hiyo haiendi moja kwa moja kwa mtu mmoja aliyeapa kutunza siri. Inapita kwa msimamizi wa kitengo, kwa katibu muhtasi, masijala, halafu kwa afisa utumishi. Ikiandikwa malaria, hakuna anayeinua macho. Ikiandikwa jina la kliniki ya magonjwa ya akili, habari itamfikia mpishi wa kantini kabla mgonjwa hajafika nyumbani. Tanzania Bara mtu akikosea hesabu ndogo huambiwa ana faili Mirembe. Zanzibar atatajiwa Kidongo Chekundu. Nairobi ataulizwa ametoroka lini Mathari. Hospitali hizo zinatibu watu na kuwarudisha makwao, lakini kwenye ulimi wa wengi majina yake ni kejeli. Basi mgonjwa mwenye busara humwomba daktari aandike kichwa kinauma, au shinikizo la damu, au asiandike kitu, na daktari mwenye huruma hukubali. Takwimu za taasisi zinatoka zikiwa safi, na uongozi unaamini kwamba tatizo halipo.

Asiyekwenda hospitali kabisa huingia kwenye kumbukumbu kwa mlango mwingine, mlango wa nidhamu. Dalili za sonona ni kukosa usingizi usiku na kushindwa kuamka asubuhi, kusahau, kukosa hamu ya kuzungumza na watu, hasira za ghafla; na kwa wengi, wanaume hasa, pombe. Geuza orodha hiyo kwa lugha ya afisa utumishi, utapata uchelewaji, uzembe, utovu wa nidhamu, ulevi kazini. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Kanuni hizo hizo zina sehemu nyingine kabisa juu ya mtu asiyeweza kazi kwa sababu ya ugonjwa, ambapo mwajiri anatakiwa kuchunguza chanzo, kuona kama ugonjwa ni wa muda, na kufikiria kazi nyepesi zaidi kabla ya kumwondoa. Mtu yule yule anaweza kupelekwa kwenye kamati ya nidhamu au kwenye njia ya ugonjwa, na kinachoamua ni kama alisema. Lakini ili aseme lazima awaamini watu wale wale watakaokaa kwenye kamati. Wengi huchagua barua ya onyo, kwa kuwa onyo hufutika na sifa ya uchizi haifutiki.

Sheria zenyewe zina mchango. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamhakikishia mfanyakazi kiwango cha chini cha siku 7 za ugonjwa zenye mshahara kamili na 7 zenye nusu mshahara kwa mwaka. Dawa nyingi za sonona huanza kuonyesha nguvu baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Maana yake ni kwamba mgonjwa asiye na mkataba ulio bora kuliko sheria atamaliza siku zake zote kabla dawa haijamshika, na akirudi atarudi akiwa bado mgonjwa na bila siku ya akiba. Tanzania ni wakarimu zaidi: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Upande wa ubaguzi mambo yanageuka. Sheria ya Kenya inaitaja hali ya akili waziwazi kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja ulemavu na VVU, lakini mwenye sonona atalazimika kujibanza chini ya neno ulemavu, jina ambalo wengi wao hawalitaki. Juu ya hayo yote kuna kivuli cha jinai. Kenya ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Tanzania kifungu cha namna hiyo ni cha 217. Si rahisi kumshawishi mtu amwambie bosi wake jambo ambalo polisi pia wanaweza kulitaka.

Hapo ndipo soko la ustawi wa wafanyakazi linapoingia, na ni vizuri kulipima kwa ushahidi badala ya nia njema. Mtafiti William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza. Alilinganisha walioshiriki mafunzo ya kuhimili msongo, mazoezi ya utulivu, programu za simu za ustawi na mengine ya aina hiyo, na wenzao ambao hawakushiriki. Karibu kote hakuona nafuu yoyote kwa washiriki. Kilichoonyesha dalili njema ni kupewa nafasi ya kujitolea kwa jamii. Mtu anaweza kupinga, na kwa haki, kwamba huo ni ulinganisho wa wakati mmoja: pengine wanaojiandikisha ndio waliokuwa hoi zaidi tangu mwanzo. Lakini Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwagawa kwa bahati nasibu wafanyakazi wake karibu 5,000, wengine wakapata mpango wa ustawi na wengine wakakosa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti ya maana katika afya wala mahudhurio. Mpango ule ulielemea afya ya mwili, kwa hiyo hauwezi kufunga mjadala. Ukiziweka tafiti mbili pamoja, hata hivyo, aliyenunua yoga ya Ijumaa kwa fedha za kampuni anapaswa kutuonyesha alichopata.

Sababu ya kushindwa huko si siri. Tangu mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alipoonyesha kwamba kinachowachosha watu zaidi ni kazi yenye madai makubwa na uhuru mdogo wa kuamua namna ya kuifanya, ushahidi umezidi kulundikana upande huo: zamu zisizotabirika, malengo yasiyofikika, bosi anayetukana mbele ya wateja, mkataba wa miezi mitatu mitatu usiojulikana kama utahuishwa. Hakuna pumzi ndefu inayobadilisha ratiba ya zamu. Nairobi ina mfano mzito kuliko yote. Kuanzia mwaka 2019 kampuni ya Sama ilikuwa na vijana waliokagua maudhui ya Facebook kwa lugha za Kiafrika, kazi iliyowataka kutazama siku nzima video za mauaji, ubakaji na ukatili dhidi ya watoto ili wengine tusizione. Mei 2022 Daniel Motaung, aliyewahi kuwa mmoja wao, alifungua kesi. Mwaka uliofuata zaidi ya 180 walifungua ya kwao. Desemba 2024 mahakama ilipokea ripoti za kitabibu za zaidi ya wakaguzi 140, zilizoandaliwa na Dk. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, zikionyesha kuwa wana msongo mkali unaofuata matukio ya kutisha.

Mahali pale palikuwa na huduma ya ustawi. Kampuni ilisema iliajiri washauri na kutoa muda wa kuzungumza nao. Walalamikaji wanasema muda ulikuwa haba, washauri hawakuwa na utaalamu unaolingana na kazi hiyo, na foleni ya video ilikuwa ikiwasubiri. Nani mkweli ni juu ya mahakama. Kwa hoja yangu inatosha kuona kwamba mshauri na madhara vinaweza kukaa chini ya paa moja. Kilichokuwa kikijadiliwa ni uwezo wa kijana kustahimili, wakati swali lilikuwa idadi ya video, urefu wa zamu, na kama mtu anaweza kukataa video ya tano ya kuchinjwa kwa mtu asubuhi moja bila kupunguziwa alama. Wengi wao hawakuwa na la kufanya ila kuungana, na Mei 2023 wakakutana Nairobi kuunda chama chao. Naihesabu hatua ile kuwa ya afya ya akili kuliko semina nyingi zenye jina hilo.

Kama kuna mtu anadhani unyanyapaa hauwezi kupunguzwa kwa njia ya taratibu na haki, na akumbuke VVU. Miaka ya tisini aliyeambukizwa alisemwa kwamba amekanyaga miwaya, na kazini alitengewa kikombe. Elimu ilikuwepo tele, redioni na kwenye vipeperushi, na hofu haikuondoka. Mambo yalianza kugeuka pale vitu vitatu vilipokutana: sheria ya kazi ikamzuia mwajiri kumbagua mtu kwa VVU, sheria ya VVU ya Tanzania ya mwaka 2008 ikakataza kumlazimisha mtu kupima na ikalinda siri ya majibu, na dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure, Tanzania tangu mwaka 2004, hivyo aliyejitokeza akapata kitu badala ya kupoteza. Unyanyapaa haujaisha, lakini leo mwalimu au askari anaweza kuchukua dawa zake kila mwezi na kubaki kazini. Mfano huu una mpaka wake. VVU hupimwa kwa damu na mgonjwa aliye kwenye dawa hafanyi kazi tofauti na mwenzake, ilhali ugonjwa wa akili huonekana kwenye tabia na huweza kuathiri kazi kwa muda. Ndiyo maana siri peke yake haitoshi. Lazima iwepo na njia ya kurudi.

Hapo linakuja pingamizi ambalo nalipa uzito kuliko mengine. Dereva wa basi la Mwanza akiwa na mawazo ya kujiua, au mlinzi wa benki mwenye bunduki, je, siri yake ilindwe? Wanaouliza hivyo hutaja ndege ya shirika la Germanwings. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps ya Ufaransa, wakafa watu 150 pamoja naye. Alikuwa na karatasi ya daktari ya kumzuia kufanya kazi siku ile, na hakuionyesha. Wachunguzi wa Ufaransa walikuta mambo mawili yanayovutana: madaktari hawakuwa na mwongozo ulio wazi wa wakati gani usalama wa umma uipite siri ya mgonjwa, na rubani alikuwa na sababu nzito ya kuficha, kwa kuwa kusema kungemnyima leseni na kipato. Wengi huchukua la kwanza na kusahau la pili. Ukimwambia dereva kwamba akisema atapoteza leseni na mshahara, hujamwondoa barabarani. Umemwondoa kwa daktari. Wadhibiti wa anga wa Ulaya walilielewa hilo, na tangu mwaka 2021 mashirika ya ndege yanatakiwa kuwa na mpango wa marubani kusaidiana, ambapo rubani humwendea rubani mwenzake kwanza. Kwa kazi zenye hatari, basi, nakubali kwamba siri iwe na kikomo kilichoandikwa na kinachojulikana mapema. Lakini anayesimamishwa kwa ajili ya usalama alipwe akiwa nje, na aambiwe masharti ya kurejea. Kikomo cha siri bila malipo ni mwaliko wa kuficha.

Pingamizi la kawaida zaidi ni kwamba watu watajifanya wagonjwa. Wapo watakaofanya hivyo, kama walivyopo wanaougua mgongo kila Jumatatu, na hakuna aliyewahi kupendekeza tuifute likizo ya ugonjwa kwa sababu ya migongo. Wanaosema kwamba sonona ni ugonjwa wa kizungu nao siwakalii sana. Wazee waliyajua majonzi yanayomlaza mtu miezi, na kama walimwita mganga, sheikhe au mchungaji, walimwita kwa sababu waliona kuna tatizo.

Uzito uko kwenye swali la nani anafaidika. Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ajira ziko katika sekta isiyo rasmi, na Tanzania hali haiko mbali. Dereva wa daladala anayetakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hana siku ya ugonjwa hata moja, na mama lishe ni bosi wake mwenyewe. Kwao, yote niliyoandika juu ya faili na kamati hayawagusi, na sitaki kujifanya kwamba yatawafikia kwa kudondoka kutoka juu. Wanachohitaji ni tiba iliyo karibu na rahisi, katika nchi ambazo hazina hata daktari bingwa mmoja wa akili kwa kila watu laki moja. Zimbabwe imeonyesha njia moja. Tangu mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kupangua tatizo moja baada ya jingine. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 ya waliokaa na akina bibi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Vyama vya bodaboda, saccos na vikoba vina watu wa umri na heshima kama ile. Ila tusilitumie benchi kuwasamehe waajiri wakubwa, ambao ndio wenye ratiba, malengo na faili mikononi mwao.

Kwao kazi iko wazi zaidi kuliko wanavyopenda kukubali. Tume ya jarida la Lancet kuhusu unyanyapaa ilihitimisha mwaka 2022 kwamba kinachobadilisha mitazamo kuliko vyote ni kukutana na mtu aliyepitia ugonjwa, akieleza mwenyewe. Ni ushahidi mzuri, na waajiri huusoma vibaya kwa kumtafuta mhudumu au karani wa kusimama mbele ya wenzake. Aanze mkurugenzi, maana ndiye anayehatarisha kidogo zaidi kwa kusema. Yaliyobaki ni ya kuandikwa kwenye mikataba ya hali bora, ambako chama cha wafanyakazi kina nguvu: karatasi ya daktari itaje siku tu na isitaje ugonjwa, anayerudi baada ya matibabu aanze kwa saa pungufu bila kupunguziwa mshahara kwa kipindi kilichotajwa, mashtaka ya utoro au ulevi yasisikilizwe kabla ya mtu kuulizwa, faraghani na mtu asiye msimamizi wake, kama anaumwa, na zamu zitangazwe mapema. Wajumbe wa kulisimamia hilo tayari wapo. Sheria ya usalama na afya ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kamati katika kila sehemu ya kazi yenye watu 20 au zaidi, na Tanzania ina wawakilishi wa usalama na afya chini ya sheria ya mwaka 2003. Kwa kawaida vikao vyao huishia kwenye mitungi ya kuzimia moto na masanduku ya huduma ya kwanza. Hakuna kifungu kipya kinachohitajika ili kikao kijacho kiombe na ratiba za zamu za miezi mitatu iliyopita, pamoja na idadi ya waliochukua likizo ndefu ya ugonjwa mwaka juzi ambao bado wako kazini.